Hori Lililofukiwa: Matembezi ya Alasiri Kutoka Mnazi Mmoja Hadi Funguni

Iko miji ulimwenguni, kama vile Venice na Amsterdam, ambayo mgeni huielewa kwa kuifuata mifereji yake. Mji wa Unguja nao uliwahi kugawanywa na maji, lakini mtembezi wa leo hayaoni. Maji yale yamefukiwa, na juu yake imepita barabara. Hata hivyo, mtu mwenye nafasi wakati wa alasiri aweza kuifuata njia yake tangu mwanzo hadi mwisho, kwani maji yameondoka na majina yamebaki.

Natuanzie Mnazi Mmoja, kusini ya mji, karibu na Jumba la Makumbusho la Beit el Amani lililofunguliwa mwaka 1925. Hapo zamani Mji Mkongwe ulisimama juu ya rasi yenye umbo la pembetatu. Magharibi yake ilikuwa bahari kuu, na mashariki yake lilikuwa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu kutoka upande wa kaskazini. Mahali hapa pa Mnazi Mmoja palikuwa shingo nyembamba ya ardhi iliyoufunga mji na sehemu nyingine ya kisiwa. Wakati wa bamvua maji yalijaa hata mji ukakaribia kuwa kisiwa. Yalipokupwa, yaliacha tope tupu.

Tukielekea kaskazini tunaifuata barabara ambayo kwa miaka mingi iliitwa Creek Road, maana yake Barabara ya Hori, na ambayo leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Mkono wa kushoto ni Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash, na ambapo baadaye pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Mkono wa kulia ni Ng'ambo. Saa hizi za alasiri majumba ya mawe hutupa vivuli vyake barabarani, kuelekea upande wa pili.

Sasa tumefika Darajani. Soko lililojengwa hapa mwaka 1904 limejaa watu, samaki na viungo. Mwanafunzi akiuliza daraja liko wapi, haoni kitu. Lakini daraja lilikuwapo, na kila siku lilipitwa na watu waliokuja mjini kufanya kazi: wachukuzi, madobi, watumishi wa nyumbani, mafundi na wachuuzi. Jioni walirudi makwao. Mji wa mawe haukuweza kuishi siku moja bila ya mikono iliyovuka daraja lile.

Hapa yafaa tulitafakari neno lenyewe: Ng'ambo. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Lakini upande wa pili kwa nani? Kwa mtu wa Miembeni au Kikwajuni, ng'ambo ilikuwa Shangani na Forodhani. Jina lilitolewa na aliyesimama upande wa majumba ya mawe, likakubaliwa hata na wale walioitwa hivyo. Hakika jina huonyesha pia mahali aliposimama mwenye kulitamka.

Tusidhani kwamba mpaka huo ulitokana na maji peke yake. Mji Mkongwe nao ulikuwa na maskini wake. Utawala wa Kiingereza, uliodumu tangu mwaka 1890 hadi 1963, ndio uliolikaza hori kuwa mpaka wa mipango: huku mji wa mawe, kule mji wa wenyeji. Katika karne ya ishirini hori lilifukiwa kipande baada ya kipande, lakini mpaka haukufukiwa pamoja nalo. Mkaazi wa Ng'ambo aliweza kuwa na nyumba yake bila ya kuwa na ardhi chini yake, na mwaka 1928 wananchi wengi walikataa kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi. Mwaka huo huo Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akafanya maskani Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi nyimbo za taarabu kwa Kiswahili. Sauti yake ilivuka kila mpaka.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliamua kujenga Ng'ambo yenyewe. Majumba marefu ya Michenzani yanaonekana kutoka mbali hadi leo. Mzee Karume mwenyewe, aliyeuawa mwaka 1972, amezikwa Kisiwandui, ng'ambo ya hori.

Mwisho wa safari yetu ni Funguni, mahali ambapo bahari iliingilia. Karibu yake pana Bwawani, jina ambalo hoteli iliyojengwa hapo katika miaka ya 1970 ililipata kutokana na bwawa. Funguni, Bwawani, Darajani: majina yote matatu yanazungumza habari za maji.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, nasi twajivunia. Lakini Ng'ambo ilibaki nje ya mstari, na mstari wenyewe kwa sehemu kubwa wafuata njia ile ile ya hori. Ni wajibu wetu basi kutohesabu urithi kwa mawe tu. Mwalimu awachukue wanafunzi wake matembezi haya, awaambie wawaulize wazee maana ya majina ya mitaa yao, na wayaandike. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Hori limekwisha kufukiwa. Kumbukumbu yake tusiifukie sisi.