Elimu ya Mimea katika Miteremko ya Kilimanjaro

Mwika ni nchi ya migomba. Imo katika Vunjo, upande wa kusini-mashariki wa mlima Kilimanjaro, na msafiri atokaye Moshi huifikia baada ya kuzipita Marangu na Mamba. Haifai kuichanganya na Mweka, iliyo juu ya mji wa Moshi, ambako chuo cha kufundisha wahifadhi wa wanyama wa porini kilifunguliwa mwaka 1963. Tofauti ya irabu moja ni ndogo kwa sikio, lakini ni kubwa kwa mwendo wa miguu.

Kijana aliyezaliwa katika kihamba cha Mwika huujua mgomba kabla ya kujua kusoma. Hujua upi hupikwa, upi huiva upesi, na upi hutoa pombe njema ya mbege. Lakini akifika chuoni husomeshwa elimu ya mimea kwa Kiingereza, na majina ayakutayo kitabuni ni ya Kilatini. Aghalabu huyakariri kwa ajili ya mtihani, kisha huyasahau. Akili yake si nzito: hakuna aliyemwonyesha kwamba somo hilo na kihamba cha babaye ni jambo moja. Historia ya mlima huu yathibitisha kwamba ndivyo yalivyo.

Mwaka 1892 Mjerumani Georg Volkens, mtaalamu wa mimea, alifika Marangu kufanya kazi katika kituo cha sayansi kilichowekwa huko, katika nchi ya Mangi Marealle. Alikaa mpaka mwaka 1894, na mwaka 1897 alitoa kitabu kikubwa juu ya Kilimanjaro. Darasa lake lilikuwa mlima wenyewe. Apandaye kutoka tambarare hupita nyika kavu, kisha vihamba, kisha msitu wenye ukungu, kisha vichaka vya baridi, na mwisho jangwa la mawe chini ya barafu ya Kibo, penye kimo cha mita 5,895. Katika mwendo wa siku chache mwanafunzi huona mabadiliko ya mimea ambayo katika nchi tambarare yangemlazimu kusafiri maelfu ya maili. Huko juu lobelia hufunga majani yake usiku ili kulinda chipukizi la ndani lisigandishwe na baridi, na majitu ya jamii ya senesio huyaacha majani yao makavu yaning'inie shinani kama blanketi. Mambo hayo hueleza maana ya kiumbe kupatana na mahali pake kuliko kurasa kumi za maelezo.

Hata hivyo si lazima kupanda mpaka huko. Kihamba chenyewe ni kitabu. Uchunguzi wa Andreas Hemp, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kwamba vihamba vya Wachagga vina aina zaidi ya 500 za mimea, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Mgomba peke yake watosha kwa masomo mengi. Kile kionekanacho kuwa shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana. Shina la kweli limo ardhini. Mgomba huzaa mara moja, hufa, na huacha machipukizi yafananayo nao kabisa, kwa sababu hayakutokana na mbegu. Kadhalika masale, yaliyo mpaka wa kihamba na alama ya kuombana radhi, hukatwa na kuchomekwa ardhini, nayo huota mizizi. Mwanafunzi aliyeona hayo nyumbani hahitaji kushawishiwa kwamba mmea waweza kuzaliana pasipo ua. Ahitaji tu kuulizwa kwa nini.

Hapa lugha ina kazi yake. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mgomba Musa paradisiaca, na mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walionyesha kwamba migomba iliwayo imetokana na mimea miwili ya mwitu, wakaigawa kwa herufi A na B. Mchagga hakuwa na herufi hizo, lakini alikuwa na majina mengi, mshare likiwa mojawapo, na kila jina lilitenga kile ambacho Kilatini kilikijumlisha. Jina la kitaalamu huunganisha mataifa. Jina la kienyeji hutunza ujuzi wa mahali. Jina la kienyeji nalo lina udhaifu wake, kwani laweza kushika mimea miwili isiyo ya jamii moja, au kubadilika kutoka bonde hata bonde. Mwanafunzi apewaye mojawapo tu amepewa nusu ya elimu.

P. J. Greenway aliliona jambo hilo huko Amani, akatunga kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza, ambayo chapa yake ya pili ilitoka mwaka 1940. Baada ya hapo, mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa hiyo maneno yapo: chavua, usanisinuru, spishi. Yaliyo hatarini ni yale ya Kichagga yasiyoandikwa, ambayo huzikwa pamoja na wazee.

Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopata kupimwa Afrika, wenye mita 81.5 na wa jamii moja na mkangazi, umesimama katika bonde la mlima huu. Mti wa kimo hicho ulikaa muda mrefu hivyo bila kupimwa. Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake kihambani, daftari mkononi, wamwulize bibi jina la kila jani na matumizi yake, kisha walitafute jina la Kilatini, hufanya kazi mbili kwa safari moja: huwafundisha mimea, na huokoa maneno.