Protini inapozidi katika seli za ubongo

Maradhi ya Parkinson humfanya mgonjwa kutetemeka, kukakamaa viungo na kutembea polepole. Aliyeyaeleza kwa kina ni daktari Mwingereza, James Parkinson, mwaka wa 1817. Mnamo 1912, daktari Mjerumani, Fritz Heinrich Lewy, alieleza mabonge madogo aliyoyaona ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa waliofariki. Ni mwaka wa 1997 tu ambapo ilibainika kuwa mabonge hayo yana protini iitwayo alfa-sinukleini.

Protini hii si ngeni mwilini. Kila binadamu anayo, hasa kwenye ncha za seli za neva, mahali ambapo seli moja huipasha nyingine ujumbe. Tatizo huzuka inapozidi kiwango au kujikunja visivyo, kwani hushikamana na kuwa mabonge ambayo seli hushindwa kuyaondoa.

Kwamba wingi pekee unaweza kuleta maradhi, hilo lilithibitishwa mwaka wa 2003 katika familia moja ya jimbo la Iowa, Marekani. Kwa kawaida, mtu hurithi nakala mbili za jeni inayoelekeza uundaji wa protini hii, moja kutoka kwa kila mzazi. Wagonjwa wa familia hiyo walikuwa na nakala nne. Jeni yenyewe haikuwa na kasoro. Idadi yake ndiyo iliyozidi. Walianza kuugua mapema mno, ilhali wagonjwa wengi wa Parkinson huanza kuonyesha dalili baada ya miaka 60. Katika familia nyingine zenye nakala tatu, maradhi kwa kawaida huanza baadaye na huwa mepesi kiasi.

Seli zinazoathirika zaidi ni zile zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza miendo. Dawa ya levodopa, ambayo hugeuzwa kuwa dopamini ubongoni, hupunguza dalili lakini haiondoi mabonge. Hii ndiyo sababu watafiti wanatafuta dawa za kupunguza protini yenyewe.

Wagonjwa walio wengi hawana nakala za ziada, na si kila anayetetemeka ana Parkinson. Hata hivyo, anayetetemeka mkono akiwa ametulia asidhani amerogwa, wala jamaa zake wasiseme ni uzee tu. Heri amwone daktari mapema.