Mfuatano wa marika

Anayetaka kujua kilimo kimeufanyia nini udongo uliokuwa chini ya msitu ana njia mbili. Ya kwanza ni kungoja. Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la Broadbalk limekuwa likipandwa ngano tangu 1843, na sampuli za udongo wake wa zamani zimehifadhiwa hadi leo. Njia ya pili ni ya asiye na miaka mia ya kungoja: atafute mashamba yaliyofyekwa katika msitu mmoja kwa nyakati mbalimbali, ayapange kuanzia machanga hadi makongwe, kisha achimbe yote kwa msimu mmoja. Wataalamu huuita mpango huo kronosikwensi.

Ningeuita mfuatano wa marika. “Mfuatano wa wakati” ungepotosha, kwani wakati wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni mjukuu, baba na babu waliokaa siku moja kwenye mkeka mmoja, nasi tunakisia uzee unavyokuja.

Magharibi mwa Kenya, pembezoni mwa misitu ya Kakamega na Nandi, yapo mashamba yaliyofyekwa juzijuzi na mengine yaliyolimwa kwa takriban karne nzima. Watafiti walioyapanga kwa marika waliona mavuno ya mahindi yakishuka kwa karibu theluthi mbili katika miaka 35 ya mwanzo. Chanzo kikubwa ni kupungua kwa mboji. Msituni majani hayaachi kuanguka na kuoza. Jembe linapoingia, huvunja madonge madogo yaliyoificha mboji, hewa hupenya, vijidudu huila, na kaboni hupotelea angani. Mabua nayo huenda kwa ng’ombe au jikoni. Mboji laini huisha kwanza. Iliyonata kwenye chembe za mfinyanzi hung’ang’ania, ndiyo maana mteremko ni mkali mwanzoni kisha hulegea.

Ila marika hudanganya. Walioingia msituni na mapanga hawakufyeka kwa bahati nasibu. Mkulima yeyote mwenye akili huanza na ardhi nono. Basi shamba kongwe huenda lilianza na udongo bora kuliko uliobaki msituni, na hasara yake ikaonekana ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo hupimwa pia kiasi cha mfinyanzi kwenye udongo wa chini, ambako jembe halifiki. Kikitofautiana mno, mashamba hayo si ndugu.

Mtego mwingine ni wa kina. Udongo wa shamba hushindiliwa, hivyo sentimita 10 zake za juu zina uzito mkubwa kuliko sentimita 10 za msituni. Ukilinganisha kina kwa kina, shamba hupewa kaboni ya bure. Sharti ulinganishe uzito kwa uzito, na kazi hiyo haihitaji mitambo ya ajabu: pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana hupigiliwa ardhini, udongo wake hukaushwa kwenye tanuri kwa nyuzi 105, kisha hupimwa.