Sindano Mkononi mwa Mgonjwa

Juma hili naomba tuiweke siasa kando, tuzungumze habari ya sindano. Wiki sita zilizopita daktari aliniambia kuwa vidonge vya kisukari nilivyomeza kwa miaka minane havitoshi tena, na kwamba sina budi kujichoma insulini. Nikaitikia, "Sawa, daktari," kisha nikatoka na kuketi kwenye benchi la nje karibu saa nzima. Maana mimi, kama wengi wenu, nimekua nikisikia kwamba mgonjwa wa kisukari akishafikishwa kwenye sindano, ndiyo mwisho wa safari. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Basi leo sifichi.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchimbua habari, nilikwenda kusoma dawa hii ilitoka wapi. Nikaona kuwa hofu yetu imeigeuza historia juu chini.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyeshikwa na kisukari alikuwa wa kufa. Tiba iliyosifika ni ile ya Daktari Frederick Allen wa Marekani, nayo ilikuwa njaa: mgonjwa alipewa chakula kidogo mno ili sukari isipande, akabaki ngozi na mifupa. Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, daktari mpasuaji Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best, katika maabara ya Profesa J.J.R. Macleod, walipata kutoka kwenye kongosho la mbwa dawa iliyoshusha sukari. Tarehe 11 Januari 1922 alichomwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Dawa ilikuwa haijasafishwa vizuri na haikumfaa. Mkemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 Januari kijana akachomwa tena. Safari hii sukari ikashuka. Leonard aliishi miaka 13 zaidi.

Agosti mwaka huo huo aliletwa Elizabeth Hughes, binti wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa kilo 20 hivi. Binti huyo alikuja kuolewa na kuzaa, akafariki mwaka 1981. Kwa hiyo sindano tunayoiita mwisho wa safari ilimwongezea zaidi ya miaka 58.

Lakini kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipita haraka. Insulini haimezwi; ukiimeza, tumbo huisaga kama nyama. Na nguvu yake haidumu. Wagonjwa wa miaka ile walihitaji sindano mara mbili kwa siku au zaidi, maisha yao yote. Hospitali gani ingewalaza wote hao hadi kufa? Ndipo madaktari wakalazimika kumkabidhi mgonjwa silaha yao wenyewe. Kule Boston, Daktari Elliott Joslin aliwafunza wauguzi ambao kazi yao ilikuwa kumfundisha mgonjwa kupima mkojo wake, kupanga chakula chake na kujichoma. London alikuwepo Daktari Robert Lawrence, naye mwenyewe mgonjwa wa kisukari aliyeokolewa na insulini mwaka 1923, akiwa ameshakata tamaa. Miaka miwili baadaye alitoa kitabu kwa ajili ya madaktari na wagonjwa pamoja. Bomba lilikuwa la kioo, sindano ya chuma. Mgonjwa alizichemsha, na ncha ikiwa butu aliinoa kwenye jiwe.

Nikafika hapo, nikafunga kitabu. Nilimkumbuka baba yangu mdogo.

Alishikwa na kisukari akiwa kijana mwembamba, fundi baiskeli. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu hadi zahanati, akachomwa, akarudi kazini. Hakuna aliyemfundisha kujichoma. Masika ya mwaka 1986, nikiwa darasa la pili, mto ulijaa na njia ikakatika. Siku ya kwanza alikunywa maji mengi. Siku ya pili alitapika. Siku ya nne tulimzika. Nyumbani walisema sindano imemmaliza. Kumbe kilichommaliza ni kuikosa. Dawa ilikuwa ng'ambo ya mto, na ujuzi wa kuitumia, uliokuwa umeshawafikia wagonjwa wa Boston na London kwa zaidi ya miaka 60, ulikuwa haujavuka kufika kwetu.

Mimi nilifundishwa na muuguzi msichana, umri wa kuwa binti yangu. Alinipa bomba la plastiki na chungwa. "Baba, chungwa halilii. Zoea hapa kwanza," akasema. Akanionyesha kuhesabu yuniti, kuhakikisha maandishi ya bomba yanalingana na ya chupa, kushika nyama ya tumbo kwa vidole viwili, na kutochoma mahali pamoja kila siku. Akaniasa nikijichoma nile, na niwe na sukari mfukoni, kwa maana sukari ikishuka mno nayo huua. Asiye na jokofu, akasema, aweke chupa kwenye chombo kikavu ndani ya chungu chenye maji, kivulini.

Mara ya kwanza mkono ulinitetemeka kuliko siku yangu ya kwanza kwenye maikrofoni. Maumivu? Siafu huuma zaidi.

Jumapili iliyopita mama alikuja kunitazama, nikajichoma mbele yake. Akakodoa macho. "Kumbe ni hivi tu?" akauliza. Kisha akanyamaza, akavuta upindo wa khanga akafuta machozi. "Shemeji yangu angeweza."

Ndugu wasikilizaji, kama nyumbani kwenu yuko mtu wa sindano, msimwachie zahanati peke yake. Ombeni mfundishwe yeye, na mwingine mmoja wa kumsaidia. Masika huja kila mwaka.