Karatasi ya Kukatia Nguo

Watu wengi hudhani kuwa mwenye cherehani tayari ni fundi. Nami nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka marehemu mke wangu aliponisahihisha. "Baba Neema," aliniambia, "kushona hata mtoto hujifunza. Shida ni kukata."

Historia inamuunga mkono. Isaac Singer alipewa hati ya uvumbuzi wa cherehani yake huko Marekani mwaka 1851, na haukupita muda mrefu mashine hizo zikaanza kuingia majumbani. Lakini asiyejua kukata alibaki palepale. Mwili wa binadamu ni wa mviringo, kitambaa ni bapa. Kuuhamishia mwili kwenye kitambaa ni sawa na kuichora dunia kwenye ramani. Elimu hiyo ilikuwa mikononi mwa mafundi. Violezo vya karatasi vilikuwapo, ila vya saizi moja. Mwenye umbo tofauti alijitafutia mwenyewe.

Mwaka 1863 fundi mmoja wa mji mdogo wa Sterling, jimbo la Massachusetts, aitwaye Ebenezer Butterick, alianza kuuza violezo vya saizi mbalimbali. Husimuliwa kuwa wazo lilitoka kwa mkewe, Ellen, aliyekuwa akimshonea mtoto wao. Nguo za wanaume na wavulana zilitangulia; za wanawake zikafuata mwaka 1866. Ugumu ulikuwa katika kupandisha saizi, kwa maana karatasi haiongezwi sawasawa pande zote: mtu akinenepa, kifua hukua kuliko bega. Karatasi zile hazikuwa na maandishi. Alama zake zilikuwa matundu na mikato midogo ya pembeni.

Jimbo hilo si geni kwetu, ndugu msomaji. Kitambaa cha pamba tulichokiita merikani kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, katika karne hiyohiyo. Kitambaa kilitangulia kufika, karatasi ilichelewa.

Nyumbani kwangu ilifika mwaka 1983. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, nguo zilikuwa adimu Tanzania. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wakati ule hata ya kuazima haikuwapo. Nami nikiwa mwalimu mkuu, kwa kushikilia kanuni, niliwarudisha nyumbani watoto wasio na sare.

Jioni moja mke wangu, aliyesomea sayansi kimu, alitandaza gazeti la Uhuru sakafuni, akampima binti yetu, akachora gauni la shule. Kisha akachora la mtoto mdogo zaidi na la mkubwa zaidi. Kina mama wakaja na magazeti yao, wakanakili. Wakakata mashuka ya zamani na magunia ya unga, wakashona kwa mkono. Jumatatu watoto walisimama mstarini, rangi mbalimbali, mshono mmoja. Sikumrudisha hata mmoja.

Hata hivyo, katika taarifa yangu ya mwaka niliandika tu kuwa wanafunzi wote wana sare. Sikutaja zilikotoka. Mke wangu aliisoma, akanirudishia bila neno.

Mitumba ilipoanza kumiminika katikati ya miaka ya 1980, yale magazeti yaliingia sandukuni. Nimeyakuta baada ya kifo chake, yamekuwa ya manjano, yana mwandiko wake: "mgongo", "mkono", "kunja hapa". Mwaka jana, katika uzee huu, nilijaribu kumkatia mjukuu wangu gauni. Nilifuata mstari kwa uangalifu wote wa mwalimu, likambana hata mikono haikupita. Mke wangu hakuchora nafasi ya mshono. Hakuwa na haja ya kuichora. Aliijua, na kina mama wale aliwaeleza kwa mdomo. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nikisahihisha madaftari.

Nilikata tena, nikaacha sentimita moja na nusu kila upande. La pili limemtosha. Kisha nikachukua kalamu nikaandika pembeni mwa gazeti: "Ongeza nafasi ya mshono." Chini yake nikaandika jina la mke wangu na mwaka, kama nilivyopaswa kufanya katika ile taarifa.