Helikopta Zinapohama, Nani Huulizwa?

[Kiashirio cha kipindi. Kinafifia.]

MTANGAZAJI: Leo ni zamu ya historia, na historia yetu ya leo inahusu sauti ambayo kila mkazi wa Kampala anaijua.

[Sauti: helikopta inakaribia, inapita, inatoweka.]

Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Oktoba zinapokaribia, helikopta za jeshi huonekana juu ya jiji letu. Watoto hutoka nje mbio, huzipungia mikono na kushangilia. Lakini si kila nyumba inashangilia. Wako majirani zetu ambao sauti hiyo huwafanya wafunge madirisha, wahesabu watoto na kukaa kimya mpaka ipite. Ukiwauliza, watakwambia tu kwamba hawapendi kelele.

Mtu akilalamikia kelele za helikopta, wengi hudhani anataka tu kulala. Tukifuatilia safari za helikopta hizi kutoka kambi hadi kambi, hapa Uganda na kwa jirani zetu, tunaona jambo zito zaidi. Kila kambi inapohama, mzigo wa sauti huhamia juu ya mapaa ya watu wengine, na ni nadra watu hao kuulizwa chochote.

[Muziki mfupi.]

Tuanzie Entebbe. Jeshi la anga la Uganda lilianza mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, kwa msaada wa Israel. Entebbe ulikuwa mji wa watu zamani kabla ya ndege. Tangu miaka ya 1890 ulikuwa makao ya serikali ya kikoloni, na pembeni ya uwanja wa ndege kiko Kigungu, kijiji cha wavuvi ambako wamisionari wa kwanza Wakatoliki walitua kwa mtumbwi mwaka 1879. Ndege ziliwakuta watu hawa nyumbani kwao.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waisraeli. Miaka minne baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israel walirudi Entebbe kuwaokoa mateka waliokuwa wakishikiliwa katika jengo la zamani la uwanja, na kabla ya kuondoka waliteketeza ndege za kivita za Uganda zilizokuwa zimeegeshwa. Wakazi wa Entebbe walijifunza usiku ule jambo ambalo kila jirani wa kambi hulijua: ndege za kivita zikikaa karibu nawe, vita navyo vinaweza kuja karibu nawe. Kwa hiyo malalamiko ya kelele mara nyingi hubeba hofu nyingine ndani yake.

[Muziki mfupi.]

Sasa twende kaskazini, kwa kupitia Nakasongola, kambi ya anga iliyojengwa wakati wa Amin, mpaka Gulu.

Vita kati ya serikali na kundi la Lord's Resistance Army, LRA, vilidumu takriban miaka 20. Kuanzia mwaka 1996 wananchi waliamriwa waache vijiji vyao na kuingia kambini. Kufikia mwaka 2005 waliokuwa wamehamishwa kaskazini walikadiriwa kufika milioni 1.8. Helikopta za kushambulia, aina ya Mi-24, zilikuwa zikiruka kutoka Gulu. Ni mashine kubwa, ikipakiwa silaha na mafuta hufika tani 12. Mngurumo wake hautulii sikioni tu. Huusikia kifuani, na bati la nyumba hutetemeka kabla hujaiona.

Kwa mama aliyekuwa kambini, sauti hiyo ilikuwa na maana mbili kwa wakati mmoja. Helikopta ikiruka, huenda wauaji waliokuwa njiani kuja kambini watafukuzwa. Lakini LRA walikuwa wameteka watoto, zaidi ya 20,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na waliwalazimisha kutembea nao, kuwabebea mizigo na kupigana. Risasi zikitoka angani hazimchagui aliyetekwa na aliyeteka. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za watoto waliouawa katika mashambulizi hayo. Basi mama husikia helikopta ikienda, asijue aombe ifike au ipotee njia. Hilo haliandikwi katika fomu yoyote ya malalamiko ya kelele.

Wengi waliokimbia vita vile walikuja Kampala. Wako Banda na Kireka, katika mtaa unaoitwa Acholi Quarters, ambako kina mama wamepasua mawe kwa miaka mingi ili walishe watoto wao. Simulizi husema hata jina Kololo lilitokana na Mwacholi, Rwot Awich wa Payira, aliyefungwa kwenye kilima hicho enzi za Waingereza akawa analalamika kwamba yuko peke yake. Ni kwenye kilima hicho hicho ambapo bendera ya uhuru ilipandishwa mwaka 1962, na ambako helikopta hupita leo siku ya sherehe.

[Muziki mfupi.]

Majirani zetu wengine wamekuja na kumbukumbu zao wenyewe. Msomali wa Kisenyi mwenye umri wa kutosha anakumbuka Mogadishu ya mwaka 1993. Helikopta za Marekani zilipita chini sana juu ya mji, usiku na mchana. Upepo wa mapanga yake uliezua mapaa ya mabati na kusambaza bidhaa sokoni. Watu walilalamika, na malalamiko yao yalionekana madogo mbele ya kazi kubwa ya kuleta amani. Kisha tarehe 12 Julai mwaka huo helikopta zilishambulia nyumba ambamo wazee wa koo walikuwa wamekutana. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 50. Ilipofika Oktoba, helikopta mbili zilipotunguliwa, umati wa watu wa kawaida ulimiminika mitaani kwa hasira. Hasira ile ilikuwa imejengwa muda mrefu, na sehemu yake ilijengwa na yale mapaa yaliyoezuliwa bila mtu kuomba radhi.

Naye Mkongomani aliyetoka Goma au Rutshuru anakumbuka Novemba 2012, helikopta za Umoja wa Mataifa zilipowashambulia waasi wa M23 waliokuwa wakielekea Goma, na mji ukaanguka vivyo hivyo. Kwake yeye, helikopta angani ilimaanisha jambo moja: funga mzigo, ondoka.

Ndiyo maana, msikilizaji, sauti moja ikipita juu ya Kampala husikika kwa namna nyingi. Mtoto aliyezaliwa Mulago na kukulia katika amani anasikia sherehe. Mama yake anasikia barabara ya kutoroka.

[Muziki mfupi.]

Vita vya kaskazini vilipotulia baada ya makubaliano ya kusimamisha mapigano ya Agosti 2006, helikopta zilihama tena. Desemba 2008 zilivuka mpaka kushambulia kambi za LRA katika msitu wa Garamba, Kongo. Viongozi wa kundi lile waliponyoka, kisha wapiganaji wake wakalipiza kisasi kwa wanavijiji wa Haut-Uele wakati wa Krismasi, na mamia waliuawa. Sauti ilikuwa imehama kutoka juu ya Waacholi, na maumivu yakawafuata Wakongomani.

Tarehe 12 Agosti 2012 helikopta nne za Uganda ziliondoka Soroti kwenda kuhudumu Somalia chini ya Umoja wa Afrika. Zilitakiwa kupita Nanyuki na kutua Garissa. Moja tu, aina ya Mi-17, ilifika Garissa salama. Mi-24 tatu zilianguka Mlima Kenya, na wanajeshi 7 wa Uganda walipoteza maisha. Tunapozungumzia wanaosumbuliwa na helikopta tusiwasahau walio ndani yake. Kuhamisha kambi ni kazi ya hatari kwao pia, na nao wana mama wanaosikiliza angani.

Katika miaka hiyo hiyo lilitokea jambo ambalo wengi hawalijui. Katika misitu ya Kongo na Afrika ya Kati, baadhi ya helikopta zilizokuwa zikimsaka Kony zilifungwa vipaza sauti. Badala ya risasi zilipeleka ujumbe uliorekodiwa na waliokwisha kurudi nyumbani, na hata na jamaa wa wapiganaji: rudi, hatutakudhuru, tunakungoja. Wazo hilo lilikuwa limeanza redioni. Pale Gulu, kituo cha Mega FM kilikuwa na kipindi cha Dwog Cen Paco, maana yake rudi nyumbani, ambacho waliokuwa porini walikisikiliza kwa siri. Wapo waliotoka msituni kwa sababu ya sauti hizo. Helikopta ile ile iliyokuwa ikiwafanya wakimbie iliwarudisha nyumbani ilipowaambia imekuja kufanya nini.

[Muziki mfupi.]

Sasa tuulize: sheria inasemaje? Mwaka 2003 Uganda iliweka kanuni za kudhibiti kelele, zikisimamiwa na NEMA. Kwa nyumba za makazi, kiwango kilichowekwa kilikuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Helikopta kubwa ya kijeshi ikipita chini juu ya paa huvuka desibeli 80 bila taabu, na kila desibeli 10 zikiongezeka, sikio husikia kama sauti imezidi mara mbili. Tena Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya.

Lakini kuna pengo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani, unasema katika kifungu chake cha 3 kwamba hauhusu ndege za serikali, zikiwemo za jeshi na za polisi. Vipimo vya kelele ambavyo ndege za abiria zinapaswa kuvitimiza havizibani ndege za jeshi. Kila nchi hujipangia.

Nchi tajiri nazo zimekwama hapa. Huko Okinawa, Japani, kambi ya Marekani ya Futenma iko katikati ya mji wa Ginowan. Mwaka 1996 serikali mbili zilikubaliana kuihamisha. Mwaka 2004 helikopta yake moja ilianguka kwenye chuo kikuu cha jirani. Mahakama zimeamuru wakazi walipwe fidia kwa kelele, lakini zimekataa kusimamisha ndege. Na mahali palipochaguliwa kwa kambi mpya, Henoko, wenyeji wengi wamepinga. Swali letu la leo ndilo swali lao: tukiuondoa mzigo hapa, tunamtwika nani?

Jeshi lina kazi ya kulinda nchi, na helikopta hizo hizo hupeleka msaada. Mwaka 2007, mafuriko yalipokata barabara za Teso, chakula kilipelekwa kwa helikopta na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na hakuna aliyelalamikia kelele siku ile. Watu walijua zimebeba nini na kwa nini. Anayepewa taarifa huvumilia mengi.

Basi linaloombwa si kubwa. Kabla ya kambi kuhamishwa, wanaoishi pale waitwe na waelezwe. Kabla ya mazoezi, tangazo litolewe redioni na kwa wenyeviti wa LC1, kwa lugha ambazo wakazi wanazielewa, Kiswahili kikiwemo: siku gani, saa ngapi, kwa nini. Njia za kupita ziepuke hospitali na shule pale inapowezekana, na usiku uachwe kwa dharura.

Nawe msikilizaji, ukiwa na lalamiko, anza kwa mwenyekiti wako wa LC1. Andika tarehe, saa na kilichotokea. Ukiona haki imekiukwa, Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda hupokea malalamiko. Kama una watoto waliopitia vita, waambie mapema kwamba helikopta zitapita na kwamba leo ni sherehe. Kaa nao, washike mkono. Na kama sauti hiyo inakurudisha mahali usipotaka kurudi, ukakosa usingizi au kutetemeka siku nzima, hilo si aibu wala si wazimu. Mwambie mhudumu wa afya katika kituo kilicho karibu nawe. Tiba ipo, na hospitali ya Butabika ina wataalamu wa kazi hiyo.

Kwa wale ambao sauti hii haiwasumbui tuna ombi moja. Safari nyingine helikopta ikipita na jirani yako akafunga dirisha, usimcheke. Mgongee hodi, umwambie inapita tu.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, tunakutakia amani nyumbani kwako.

[Kiashirio cha kipindi. Mwisho.]