Reggae ya laivu ufukweni: mambo ya kujua kabla ya kufunga safari

Tangazo la onyesho la reggae ufukweni likishapita hewani, huwa tunajua maswali yatakayofuata. Msikilizaji wa Turwa anauliza kiingilio. Wa Sirari anauliza kama kuna usafiri wa pamoja. Wa Nyamongo anauliza onyesho linaanza saa ngapi. Ni wachache wanaouliza swali ambalo sisi tungelitanguliza: nani anapiga, na anapiga na nani?

Swali hilo lina uzito wake. Tarime haina ufukwe. Ziwa Victoria liko upande wa Rorya na Musoma, kwa hiyo kwa mtu wa huku onyesho la usiku mmoja ni nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio, chakula na mahali pa kulala. Kwa wengi wetu hiyo ni hela ya mbolea au ya sare za shule. Makala haya yanaeleza unacholipia, na jinsi ya kwenda na kurudi salama.

Laivu maana yake nini

Maonyesho yako ya aina mbili, na matangazo mengi hayasemi ni ipi. Ya kwanza ni pleibeki: msanii anapanda jukwaani na maiki, wimbo uliorekodiwa unapigwa kwenye spika, naye anaimba juu yake. Ya pili ni laivu: bendi nzima iko jukwaani, na kila sauti unayoisikia inatoka kwenye mkono au koo la mtu unayemwona.

Pleibeki si wizi, na vijana wengi wameanzia hapo kwa sababu bendi ni gharama. Kosa ni kumtangazia mtu laivu, umtoze kiingilio cha bendi, halafu afike akute kompyuta mezani.

Njia rahisi ya kujua ni kuuliza jina la bendi, si la mwimbaji peke yake. Uliza pia vyombo vinajaribiwa saa ngapi. Bendi inayopiga usiku huanza kufunga vyombo mchana, na mtu aliye karibu na eneo anaweza kukuambia kama ameziona ngoma na magitaa yakishushwa. Mwandaaji akikosa jibu la maswali haya mawili, shika hela yako kwanza.

Reggae inavyopigwa

Hesabu moja, mbili, tatu, nne, polepole. Katika mtindo wa reggae wa zamani, pigo la kwanza linaachwa wazi na ngoma kubwa inaanguka kwenye la tatu. Gitaa la ridhimu na kinanda vinakata kwenye la pili na la nne. Gitaa la besi ndilo linalotembea katikati na kubeba wimbo, na mara nyingi ndilo utakaloanza kulisikia ukiwa bado mbali na uwanja. Juu yake wapo waitikiaji, na bendi ikiwa na uwezo, tarumbeta.

Kwenye spika ya simu besi karibu yote inapotea. Mtu aliyeisikia reggae kwa simu tu amesikia maneno na gitaa, lakini nguzo ya muziki hajaisikia. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufuata bendi. Anayejua tofauti ya litungu linalopigwa mbele yake na litungu lililorekodiwa ataelewa tunachosema.

Ilikotoka, na ilivyofika kwetu

Reggae ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960. Bob Marley, aliyezaliwa tarehe 6 Februari 1945 na kufariki tarehe 11 Mei 1981, ndiye aliyeifikisha mbali kuliko wote. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza reggae ya Jamaika katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Tanzania nayo ina historia yake. Dar es Salaam ilikuwa na Jah Kimbute na bendi ya Roots and Culture. Bagamoyo, mji wa pwani, ni makao ya Jhikoman, anayeimba reggae kwa Kiswahili. Kanda yetu ya ziwa ilikuwa na marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, ambaye nyimbo zake bado zinaombwa redioni. Kwa hiyo mtu asikwambie reggae ni ya wageni. Imeimbwa kwa lugha yetu, na mmoja wa waimbaji wake alitoka ng'ambo ya ziwa hili hili.

Lini na wapi

Miezi ya kutegea sikio ni Februari, ambapo wapenzi wa reggae mahali pengi huadhimisha kuzaliwa kwa Marley, na Mei, ambapo hukumbuka kifo chake. Ukisikia tangazo la wakati mwingine, usilipuuze, ila uliza zaidi.

Kwa muziki wa laivu kando ya maji, mfano unaojulikana zaidi nchini ni tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, lililoanza mwaka 2004 na hufanyika Februari. Jukwaa lake kuu kwa miaka mingi limekuwa Ngome Kongwe, inayotazamana na bustani ya Forodhani na bahari. Muziki wa aina nyingi hupigwa hapo, reggae ikiwemo, na sharti lao ni kwamba anayepanda jukwaani apige laivu. Hata tamasha kubwa kama hilo lilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Kwa hiyo hakikisha siku chache kabla kwamba onyesho bado lipo, hata kama tangazo ulilisikia kwetu.

Njia ya kwenda na kurudi

Kwa barabara kutoka Tarime, unapita Utegi, unavuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha unaingia Musoma. Kwenda ni rahisi kwa sababu ni mchana. Shida ni kurudi. Onyesho linaweza kwisha saa nane usiku, wakati hakuna gari stendi na boda boda anataja bei anayotaka. Chagueni moja kabla ya kuondoka: kukodi gari kwa kikundi na kumlipa dereva sehemu ya pili mkisharudi, au kulala Musoma na kuondoka asubuhi.

Wanaopitia Kinesi hutumia usafiri wa majini kuvuka kwenda Musoma. Hapa hatutanii. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 walikufa. Usipande chombo kilichojaa, usipande bila kuvaa jaketi okozi, na usivuke usiku baada ya onyesho. Nahodha aliyekunywa naye si nahodha.

Anayetaka kufuata onyesho Kenya apite mpaka wa Sirari kwa utaratibu, akiwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Njia za panya mchana zinaonekana fupi, lakini usiku ukikamatwa huna cha kuonyesha.

Ufukweni usiku

Maji hayana miti wala kuta za kuzuia sauti, ndiyo maana muziki wa ufukweni husikika mbali. Lakini usiku upepo mara nyingi hugeuka na kuvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ukisimama nyuma kabisa, upepo unaweza kuichukua sauti kabla haijakufikia. Sogea usawa wa katikati ya jukwaa, si mbele ya spika.

Ziwa Victoria lina tabia ya kupiga radi usiku, hasa majira ya mvua. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mvua ya radi ikianza, ondoka majini na chini ya miti, na kaa mbali na nyaya za jukwaa. Kuogelea gizani baada ya bia mbili tatu ni jambo ambalo hatutalieleza kwa urefu. Usifanye.

Kuhusu bhangi

Tunajua eneo letu linavyosemwa, na tunajua watu wanavyoiunganisha reggae na bhangi. Tuseme wazi. Bhangi ni marufuku kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, kulima, kubeba na kuvuta, na jukwaa la reggae halikupi msamaha. Upande wa pili, kupenda reggae si kosa na kusuka rasta si ushahidi. Urastafari ni imani, na si kila mpiga reggae ni Rasta. Mzazi ambaye kijana wake anataka kwenda, aulize anakwenda na nani na atalala wapi, kama angeuliza kuhusu mechi ya mpira.

Wanaobaki nje ya uzio

Usiku wa uhuru wa Zimbabwe, Aprili 1980, Bob Marley alipiga katika uwanja wa Rufaro, mji ambao leo ni Harare. Alikuwa amegharamia mwenyewe usafirishaji wa vyombo. Ndani walikuwa wageni waalikwa. Nje walikuwa wananchi, na walipojaribu kuingia polisi walipiga mabomu ya machozi, moshi ukafika hadi jukwaani. Kesho yake Marley alipiga tena, bure, kwa ajili ya wale waliokuwa nje.

Tunaikumbuka habari hiyo kila tunaposoma tangazo lenye kiingilio ambacho mkulima hawezi. Kwa waandaaji wa kanda hii tuna ombi moja: tajeni bendi, tajeni bei zote mapema, na mkiweza anzeni jioni, ili mtu wa Turwa arudi kwake usiku ule ule. Kwako msikilizaji, kabla ya kutuma hata shilingi, uliza maswali haya manne: bendi gani inapiga, nalipa wapi na napewa risiti gani, onyesho linaisha saa ngapi, na narudi na nani. Usitume kiingilio kwa namba binafsi ya mtu usiyemjua. Ukikosa jibu la hata moja, baki nyumbani usiku huo. Kutakuwa na onyesho jingine.